Vifaru vya Kiganjani: Somo Kuhusu Ukusanyaji wa Vigari vya Kijeshi vya Utotoni

UTANGULIZI

Ndugu msomaji, hebu jiulize kwanza: vitu ulivyochezea ulipokuwa mtoto viko wapi leo? Wengi wetu tutajibu kwamba havipo. Vingine vilivunjika, vingine vilipotelea nyasini, na vingine mama alivitupa siku ya kufagia uwanja kwa kuwa aliona ni takataka tu. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Lakini wapo watu, tena watu wazima wenye mvi, wanaovitafuta vitu vya aina hiyo kwa udi na uvumba. Huvinunua minadani, huviandikia kumbukumbu, na kuvipanga kabatini kama vyombo vya arusi. Watu hawa huitwa wakusanyaji.

Somo letu linahusu tawi moja tu la ukusanyaji, nalo ni lile la vigari vya kijeshi vya madini vilivyoundwa Uingereza kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960. Nimelichagua kwa sababu linakutanisha masomo matatu tunayosoma hapa shuleni, yaani Kiswahili, Kemia na Historia. Aidha, lina swali moja gumu ambalo kila mkusanyaji hukutana nalo mapema: kigari kilichochubuka rangi, je, kipakwe rangi mpya kipendeze, au kiachwe kilivyo? Ukilielewa vyema swali hilo, umeuelewa ukusanyaji wenyewe.

MANENO TUTAKAYOTUMIA

Sisi ni wanachama wa Chama cha Kiswahili, kwa hivyo tuanze na lugha.

Neno kigari ni udogo wa gari. Tunasema gari limefika, lakini kigari kimefika. Magari yale, lakini vigari vile. Kiambishi KI- kinatuonyesha ukubwa wa kitu kabla hata hatujakiona.

Kifaru ni neno lenye maana mbili, na sarufi hutusaidia kuzitenganisha. Kifaru wa mbugani ni mnyama, hivyo husemwa kifaru amelala. Kifaru cha vita ni mtambo, hivyo husemwa kifaru kimekwama. Aliyelitumia jina hili kwa mtambo hakukosea hata kidogo: mnyama yule ana ngozi nene, ana pembe mbele, na akianza kukimbia humsimamishi.

Mzinga nao una maana mbili: makao ya nyuki, na silaha kubwa inayorusha makombora. Deraya ni vazi la chuma la askari wa zamani, na kutokana nalo tumepata gari la deraya, yaani gari lililovikwa mabamba ya chuma ili risasi zisipenye.

Risasi yenyewe usiisahau. Neno hili lina maana ya kitu kinachotoka kwenye bunduki, na pia ni jina la madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu. Tutakutana na risasi ya pili hapa chini, na utaona jinsi ilivyoua vifaru vingi vya kuchezea bila ya bunduki yoyote kulia.

Neno la mwisho ni kusubu. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina ndani ya kalibu ili yakipoa yachukue umbo la kalibu hiyo. Vigari tunavyovizungumzia ni vigari vya kusubu.

VIGARI HIVI VILITOKA WAPI?

Waingereza hawakuwa wa kwanza katika kazi hii. Kule Marekani, ndugu wa ukoo wa Dowst mjini Chicago walikuwa wakisubu vigari vya kuchezea tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Lakini jina lililovuma zaidi Uingereza ni Dinky Toys, nalo lilitoka katika kiwanda cha Frank Hornby.

Hornby alikuwa mtu wa Liverpool. Mwaka 1901 alipata hataza ya mchezo wa vipande vya chuma vyenye matundu, ambao baadaye uliitwa Meccano. Baada ya hapo kiwanda chake cha Binns Road kikaunda magari moshi ya kuchezea, na mwaka 1933 kikatoa vigari vidogo vya kuwekwa kando ya reli hizo ili stesheni ionekane na uhai. Mwaka 1934 vigari hivyo vikapewa jina la Dinky Toys. Watoto walivipenda kuliko ilivyotarajiwa, na punde vikawa mchezo wa kujitegemea. Hornby mwenyewe alifariki mwaka 1936.

Miaka ya mwisho kabla ya vita, Binns Road ilianza kutoa seti za jeshi: vifaru vikubwa na vidogo, mizinga na magari ya kuivuta. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939, kiwanda chenyewe kiliingia katika kazi za vita, na vigari vya kuchezea vikaadimika madukani. Fikiria jambo hilo: mtoto aliyenunuliwa kifaru cha kuchezea mwaka 1938 alikiona kifaru cha kweli kikipita mtaani kwao kabla hajachoka na kile cha kwake.

Baada ya vita vigari vilirudi kwa wingi. Mwaka 1954 Dinky walitoa kifaru cha Centurion, pamoja na lori la jeshi la tani tatu. Kifaru cha kweli cha Centurion kilikuwa na uzito wa tani 50 hivi, na bodi yake ilikuwa na urefu wa karibu mita 7.6 bila kuhesabu mtutu. Kipimo cha vigari hivi vya jeshi kilikuwa takribani 1 kwa 60. Sasa chukua kalamu: mita 7.6 ni sentimita 760. Gawanya kwa 60, unapata sentimita 12.7. Basi tani 50 zikaingia kiganjani.

Jina la pili ni Matchbox, maana yake kisanduku cha kiberiti. Kampuni yenyewe iliitwa Lesney. Ilianzishwa jijini London mwaka 1947 na marafiki wawili waliotoka katika jeshi la wanamaji, Leslie Smith na Rodney Smith. Hawakuwa ndugu, ila waliunganisha majina yao ya kwanza kupata jina la kampuni. Walianzia kazi ndani ya baa iliyokuwa imefungwa. Fundi wao mkuu alikuwa Jack Odell. Inasimuliwa kwamba shule ya binti yake iliruhusu watoto kuja na kitu cha kuchezea endapo tu kingeenea ndani ya kisanduku cha kiberiti. Odell akamtengenezea binti yake kigari kidogo cha shaba, mfano wa lile gari la kushindilia barabara. Watoto wengine wakakitamani. Mwaka 1953 vigari vya Matchbox vikaanza kuuzwa, na kati ya 1958 na 1960 vikatoka vile vya jeshi vya rangi ya kijani iliyofifia: Saracen la kubebea askari, Ferret la upelelezi, Saladin la deraya lenye mzinga, lori la huduma, gari la wagonjwa, na hata DUKW, lile gari linaloogelea.

Tofauti moja ikumbukwe. Vigari vya Matchbox havikufuata kipimo kimoja, vilifuata kisanduku. Gari dogo la kweli na gari kubwa la kweli yalipunguzwa mpaka yakaenea kisandukuni. Ndiyo maana ukiviweka pamoja unaweza kuona Ferret linakaribia kutoshana na Saladin, ilhali barabarani Saladin lilikuwa kubwa zaidi kwa mbali.

USIONE VYAELEA, VIMEUNDWA

Hebu tuingie karakanani. Madini yanayotumika si chuma cha pua. Ni aloi, yaani mchanganyiko wa madini, na sehemu kubwa ni zinki. Zinki ni ile inayopakwa juu ya mabati ya nyumba zetu yasishike kutu. Katika kila gramu 100 za aloi hii, gramu 96 hivi ni zinki na gramu 4 hivi ni alumini, pamoja na chembe za magnesi, na wakati mwingine shaba.

Kwa nini zinki? Kwa sababu inayeyuka upesi. Chuma huhitaji moto wa zaidi ya nyuzi 1,500 za sentigredi, lakini zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Basi kalibu ya chuma cha pua inaweza kumiminiwa zinki maelfu kwa maelfu ya mara na isiharibike.

Kazi yenyewe hufuata hatua hizi. Kwanza, fundi hutengeneza kalibu ya vipande viwili vinavyofungamana. Pili, mashine husukuma aloi iliyoyeyuka ndani ya kalibu kwa nguvu, hata ikaingia kwenye vijifereji vyembamba kama mistari ya milango na vitasa. Tatu, baada ya muda mfupi aloi hupoa, kalibu hufunguliwa, na bodi hutoka. Nne, mabaki yanayoning'inia pembeni hukatwa na bodi kusuguliwa. Tano, bodi hupakwa rangi na kukaushwa kwa joto. Sita, na hapa shikilia vizuri kwa maana tutarudi, magurudumu na ekseli hutiwa baada ya rangi, na kitako hukazwa kwa kichwa cha msumari kilichopondwa ili kisifunguke tena.

KILA KIGARI KINA USHAHIDI WA AINA TATU

Mkusanyaji wa kweli hakiangalii kigari kama pambo. Hukihoji kama hakimu anavyomhoji shahidi.

Ushahidi wa kwanza ni wa gari lenyewe. Kigari kinatueleza jeshi la Uingereza lilikuwa na vyombo gani mwaka fulani. Mathalani, mwaka 1959 Dinky walitoa lori la kusimamisha kombora la Corporal. Corporal la kweli lilikuwa kombora la Kimarekani lililonunuliwa na Uingereza, nalo liliweza kubeba bomu la nyuklia. Kwa hiyo katika chumba cha mtoto, kati ya vitabu na viatu vya shule, hofu yote ya miaka ile ilikuwa imeegeshwa sakafuni.

Ushahidi wa pili ni wa kiwanda. Pindua kigari usome chini: pana jina la kampuni na nchi. Tazama magurudumu. Vigari vya kwanza vya Matchbox vilikuwa na magurudumu ya madini, yakafuatwa na ya plastiki ya kijivu, kisha ya plastiki nyeusi. Mwaka 1969 yakaja magurudumu membamba yenye kasi, kwa kuwa Wamarekani wa Hot Wheels walikuwa wameanza kuteka soko mwaka 1968. Kwa gurudumu tu unaweza kukadiria umri. Dinky walifunga Binns Road mwaka 1979. Lesney walifilisika mwaka 1982, kampuni ikanunuliwa na watu wa Hong Kong, na kazi ya uundaji ikahamia Macau. Hayo yote yameandikwa kwenye kitako cha kigari kwa yule anayejua kusoma.

Ushahidi wa tatu ni wa mtoto, na huu ndio unaosahaulika. Rangi iliyochubuka kwenye pembe inatuambia kigari kilisukumwa kikagonga ukuta. Mchanga uliokwama kwenye ekseli unatuambia kilichezewa nje. Herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari chini ya kitako zinatuambia walikuwa ndugu wawili nyumbani, na kwamba waligombana. Kitabu cha kampuni hakina habari hizo. Zimo katika kigari hicho kimoja tu, na kikipotea zimepotea.

UGONJWA WA ZINKI

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Katika somo hili, chambilecho watani, wahenga wangeomba radhi kidogo, kwa kuwa akiba hii huoza.

Vigari vingi vilivyoundwa kabla ya vita vina maradhi ambayo wakusanyaji huyaita ugonjwa wa zinki. Dalili zake ni hizi: vijufa vyembamba kama nywele huonekana kwenye bodi, bodi huvimba au kupinda, rangi huinuka, na mwishowe kigari humomonyoka kama biskuti iliyotiwa chai. Hakikuangushwa na hakikupigwa. Kimekaa tu kabatini, na kinakufa.

Chanzo ni ile risasi ya pili tuliyoitaja. Aloi ikiingiwa na chembe chache sana za risasi, yaani yale madini, ulikaji huanza ndani kwa ndani kati ya punje za zinki. Unyevu wa hewa huuharakisha. Mafundi wa zamani huenda waliyeyusha mabaki ya madini mengine pamoja na zinki bila kujua madhara yake, kwa maana kigari kilitoka kalibuni kizuri kabisa na kasoro ikajitokeza miaka mingi baadaye. Kinga yake ilikuwa kutumia zinki safi mno. Kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilitoa aloi ya namna hiyo mwaka 1929, na viwanda vilipozidi kuzingatia usafi huo, ugonjwa ukapungua sana.

Ugonjwa huu hauna dawa. Kigari kilichougua hakiambukizi kingine, hilo ni jambo la kushukuru, lakini hakiponi. La kufanya ni kukiweka mahali pakavu pasipo joto jingi, kukigusa kwa nadra, kukipiga picha na kuandika habari zake kabla hakijamomonyoka. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba kukusanya si kumiliki tu. Kuna vitu unavyovipokea ukijua fika kwamba kazi yako ni kuvishuhudia vikiondoka.

RANGI MPYA AU RANGI YA ZAMANI?

Sasa turudi kwa swali letu. Tuseme umepata kigari cha Ferret cha mwaka 1959. Nusu ya rangi imetoka. Unayo kopo ya rangi ya kijani na brashi. Je, ukipake?

Wapo wanaosema ndiyo. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kigari kiliundwa kipendeze, na kwamba aliyekibuni angefurahi kukiona kizima. Tena, kigari kilichoharibika kabisa, kisicho na magurudumu wala thamani, kukirekebisha ni kukipa maisha ya pili. Katika hilo la mwisho nakubaliana nao, almuradi anayekirekebisha aseme waziwazi kwamba amekirekebisha.

Lakini kwa kigari ambacho bado kina rangi yake ya kiwandani, hata kama ni nusu, jibu langu ni hapana. Kumbuka zile aina tatu za ushahidi. Rangi mpya haigusi ushahidi wa kwanza, kwani bado tutajua ni Ferret. Ushahidi wa pili, wa kiwanda, unaharibika. Ushahidi wa tatu, wa mtoto, unafutika wote. Zile pembe zilizochubuka ndizo zilizokuwa maandishi yake. Umempaka rangi mdomoni asiseme tena. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Soko nalo linakubali. Katika minada, kigari chenye rangi yake ya asili na kisanduku chake hupata bei ya juu sana kuliko kilichopakwa upya, hata kama hiki cha pili kinang'aa. Ndiyo sababu walaghai hujaribu kuficha. Lakini ukikumbuka hatua ya sita ya karakana, hutadanganyika kirahisi. Magurudumu na ekseli vilitiwa baada ya rangi. Kwa hiyo ukiona rangi ya bodi imerukia ncha za ekseli au ndani ya gurudumu, shuku. Ukiona kile kichwa cha msumari kwenye kitako kimetobolewa, au pamewekwa skurubu au gundi, jua kigari kilifunguliwa. Angalia pia kisanduku: siku hizi visanduku vya kuigiza vipo tele, na karatasi yake huwa nyeupe na ngumu kupita umri wake.

MWAKA 1954: LIVERPOOL NA NAIROBI

Kuna jambo ambalo mkusanyaji wa Uingereza anaweza kulipita, lakini sisi hatuwezi.

Nimesema lori la jeshi la Dinky lilitoka mwaka 1954. Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, serikali ya kikoloni ilianza msako ulioitwa Operesheni Anvil hapa Nairobi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952. Askari waliuzingira mji, na maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakatolewa majumbani na makazini, wakapakiwa garini na kupelekwa kuchujwa kambini Lang'ata. Wengi waliishia vizuizini Manyani na Mackinnon Road. Miongoni mwa askari wa Uingereza waliotumwa Kenya katika miaka hiyo walikuwamo vijana waliolazimishwa na sheria kuingia jeshini. Utaratibu huo ulidumu kuanzia 1949 hadi wito wa mwisho mwaka 1960.

Basi fikiria lori moja, kumbukumbu mbili. Mtoto wa Liverpool aliposukuma lori la kijani kwenye zulia, labda alikuwa akimwaza kaka yake aliye mbali jeshini. Mtoto wa Nairobi aliliona lori la kijani likimchukua baba. Kigari kile hakina kosa lolote, na mtoto yule wa Liverpool hana kosa lolote. Lakini kigari kinabeba nusu ya habari tu. Nusu ya pili lazima iandikwe na mtu kwenye kadi, la sivyo itakosekana milele.

Wako wanaoona afadhali vitu vya vita visichezewe kabisa. Nchini Uswidi, mwaka 1979, wauzaji wa vitu vya kuchezea walikubaliana kuacha kuuza vile vya vita. Hiyo ni hoja nzito kwa mzazi anayenunua kitu kipya. Kwa mkusanyaji, hata hivyo, kigari kilishaundwa na kilishachezewa. Kukitupa hakutafuta vita iliyokwisha. Kukihifadhi pamoja na habari zake zote, nzuri na mbaya, ndiko kutakakomsaidia atakayekuja kuuliza.

JINSI YA KUANZA

Pengine unasema moyoni, "Haya ni ya matajiri. Mimi nitaipata wapi Dinky?" Sikiliza. Somo hili halihitaji Dinky. Kijijini kwenu kuna gari la waya lenye usukani mrefu na magurudumu ya ndara zilizokatwa. Kuna lori la mkebe wa mafuta ya kupikia lenye magurudumu ya vizibo vya soda. Hayo nayo ni magari ya utotoni, na hayana kampuni iliyoyatunzia kumbukumbu. Yakioza, yameoza na habari zake. Kanuni ni zilezile:

1. Chagua tawi moja dogo. Mwenye kukusanya kila kitu huishia na rundo la vitu asivyovijua.

2. Usipake rangi, usinyooshe, usibadilishe gurudumu, mpaka kwanza umepiga picha na kuandika hali ya kitu kilipokufikia.

3. Safisha kwa upole. Brashi laini inatosha kwa vumbi. Vigari vya madini vyenye uchafu mwingi vifutwe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha vikaushwe mara moja. Usiviloweke, kwa sababu ekseli ni za chuma na hushika kutu, na nembo za karatasi hubanduka.

4. Weka mahali pakavu, mbali na jua la dirishani. Jua hula rangi, na unyevu unajua kazi yake.

5. Nawa mikono. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake, nayo ni sumu. Usimpe mtoto mchanga kigari cha kale akitie mdomoni.

6. Andika kadi. Hii ndiyo kanuni kuu. Kadi ijibu maswali haya: Kitu gani? Nani alikiunda, wapi, mwaka gani? Kina urefu gani? Kina kasoro zipi? Kilipatikana wapi? Nani alikichezea, naye anakumbuka nini?

Swali la mwisho liulize mapema, maana wazee wetu hawatungoji. Kaa na babu, mwulize alichezea nini, alikitengenezaje, na nani alikivunja. Mwache aseme kwa maneno yake na uyaandike hivyohivyo, hata kama ni ya Kiswahili kilichochanganywa na lugha ya nyumbani. Kitu kisicho na kadi ni kama barua isiyo na jina: unaona kwamba mtu alitaka kusema jambo, lakini hujui ni nani.

HITIMISHO

Tumeona kwamba vigari vya kijeshi vya kusubu vilizaliwa kando ya reli za kuchezea za Liverpool na ndani ya kisanduku cha kiberiti cha London. Kwamba vimeundwa kwa zinki na vingine vinauawa na risasi. Na kwamba mchubuko ni maandishi. Thamani ya mkusanyo haitokani na fedha pekee. Inatokana na uaminifu wa anayeutunza: kutoongeza uzuri usiokuwapo, na kutopunguza habari iliyopo, hata ikiwa inauma. Haba na haba hujaza kibaba, nawe anza na kimoja.

ZOEZI

1. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti ya kifaru mnyama na kifaru cha vita. Zingatia upatanisho wa kisarufi.

2. Gari la kweli lina urefu wa mita 4.8. Kwa kipimo cha 1 kwa 60, kigari chake kitakuwa na sentimita ngapi?

3. Eleza kwa nini ugonjwa wa zinki huonekana miaka mingi baada ya kigari kutoka kiwandani.

4. Rafiki yako anataka kuuziwa kigari kinachosemekana ni cha mwaka 1959. Mpe mambo matatu ya kuchunguza kabla hajatoa pesa.

5. Mjadala wa darasa: "Vitu vya kuchezea vya vita havifai kuhifadhiwa." Unga mkono au pinga.

6. Kazi ya likizo: tafuta kitu kimoja alichochezea mzazi au babu yako, au mwombe akueleze kilivyokuwa. Kiandikie kadi kwa kufuata kanuni ya sita, na uilete kwenye mkutano wa kwanza wa Chama muhula ujao.